Barua ya wazi kwa wanaoshika funguo za mnara wa Mkunazini

Waheshimiwa,

Hodi. Nakuandikieni nyinyi mnaolitunza kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, na nyinyi mnaosimamia majengo ya kale ya Mji Mkongwe, na yeyote aliyekabidhiwa ufunguo wa kupandia mnarani. Majina na vyeo nimeviacha makusudi. Vyeo hupokezanwa, barua hii ni ya atakayekuwa zamu siku itakapomfikia.

Nianze kwa kujieleza, maana najua swali la kwanza litakuwa "huyu ni nani na kanisa linamhusu nini?" Mimi si muumini wenu. Nimezaliwa katika nyumba ya Kiislamu, kwenye uchochoro ambao ukitoka tu mlangoni na kuinua uso unaiona ncha ya mnara imejichomeka katikati ya mapaa ya mabati. Utotoni tulijua swala kwa adhana na tulijua Jumapili kwa kengele. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwashi wa chokaa, na alikuwa na tabia moja iliyotuudhi sana sisi wajukuu: hapiti ukuta bila kuugusa. Anaukuna kwa ukucha wa kidole gumba, anatia mate kidogo, anatazama mate yanavyonywewa. Yakinywewa upesi anasema, "Huu unapumua." Yakibaki juu yanang'aa, anaguna na kuendelea na safari. Hilo la mate nitalirudia.

Kilichonitia kalamu mkononi ni jambo dogo. Nilikuwa na mgeni kutoka Tanga, nikampeleka Mkunazini, tukaingia pamoja na kundi la watalii. Mtembezaji wetu alikuwa kijana hodari, mcheshi. Alitushusha kwenye vyumba vya chini, ambamo husimuliwa kuwa walifungiwa watumwa, tukainama, tukanyamaza. Akatupeleka kwenye sanamu za mchongaji wa Kiswidi, Clara Sörnäs, za mwaka 1998: wale watu watano shimoni na minyororo shingoni. Akatuingiza kanisani, akatuonyesha mahali pa madhabahu, ambapo husimuliwa kuwa ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Akatuonyesha msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ulipozikwa moyo wa Livingstone. Halafu akafika kwenye zile nguzo karibu na mlango wa magharibi, akasema: "Askofu alisafiri kidogo, mafundi wetu wakazisimamisha kichwa chini miguu juu!" Watu wakacheka. Mgeni wangu akacheka. Tukatoka nje, akanyoosha kidole juu bila kutazama: "Na ule ni mnara." Basi, ziara imekwisha.

Kicheko kile sijakisahau mpaka leo. Simlaumu kijana, anasimulia alivyosimuliwa. Lakini ukizijumlisha habari zote za ziara ile, mswahili amejitokeza mara mbili tu: mara ya kwanza amefungwa mnyororo, mara ya pili amegeuza nguzo. Na kazi yake kubwa kuliko zote, ile inayoonekana kutoka baharini, imepewa maneno manne.

Niruhusuni niseme mnara ule ni nini.

Mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja ulitiwa saini na Sayyid Barghash tarehe 5 Juni 1873. Jiwe la msingi la kanisa likawekwa palepale penye soko, Krismasi ya mwaka uleule, hata miezi saba haijatimia. Sehemu ya kiwanja ilinunuliwa na padri wa misheni aitwaye West. Sehemu nyingine ilitolewa na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji. Saa ya mnarani, kwa masimulizi ya mji, ni zawadi ya Barghash mwenyewe. Kwa hiyo tajiri Mhindi katoa ardhi, sultani Mwislamu katoa saa, padri Mwingereza kasimamia ujenzi, na waliobeba mawe ni watu wa hapa, wakiwamo waliokuwa watumwa juzi yake.

Yule padri msimamizi, Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, wengi wetu tunamjua kwa kazi yake ya lugha. Mwaka 1870 alikwisha chapisha kitabu cha sarufi na kitabu cha hadithi za Kiswahili alizokusanya Unguja. Lakini kabla ya kuja huku alikuwa paroko wa kijiji kidogo, Little Steeping, katika jimbo la Lincolnshire. Ni nchi tambarare ile. Hakuna mlima wa kukuonyesha njia, na mnara wa kanisa ndio mlima. Mji wa Louth, katika jimbo hilohilo, una mnara uliomalizika mwaka 1515 wenye urefu wa zaidi ya meta 85. Mtu aliyekaa kwenye nchi kama hiyo hawezi kufikiri kanisa bila ncha, kama mtu wa pwani asivyoweza kufikiri chombo bila mlingoti.

Tena wakati wake ulikuwa wakati wa homa ya minara. Uingereza ya Malkia Victoria ilijaa viwanda na moshi, na miji iliyofumka haraka ilikuwa ikijenga makanisa ya mitaa kwa mtindo wa kale wa Kigothi, matao yaliyochongoka na minara iliyochongoka zaidi. Pugin, mchoraji mkubwa wa mtindo ule, alishikilia kwamba mnara usio na ncha ni kazi iliyoachwa njiani. Alipojenga kanisa la St Giles mjini Cheadle, lililomalizika 1846, aliipandisha ncha yake hadi meta 61. Mjini Preston, Joseph Hansom, yuleyule aliyebuni gari la farasi lililobeba jina lake, aliwajengea Wakatoliki wa mji wa viwanda vya pamba kanisa la St Walburge. Mnara wake una meta 94, na hakuna kanisa la parokia Uingereza nzima lenye mnara mrefu kuliko huo. Mawe ya ncha ile husemwa kuwa yalikuwa yamelala chini ya reli ya Longridge kabla hayajapandishwa angani. Hadithi hiyo huwa inanifurahisha: jiwe lililokanyagwa na treni likaishia kupigwa na upepo juu ya vichwa vya watu.

Mimi niliijua minara hii kwa bahati tu. Nilikaa London miaka minane nikifanya kazi za usiku, na basi langu la alfajiri lilipita Kensington, mbele ya kanisa la St Mary Abbots. Mnara wake ndio mrefu kuliko minara yote iliyochongoka ya makanisa ya mji ule, kama meta 85, kazi ya George Gilbert Scott. Nilikuwa naegemeza kichwa kwenye kioo nikiuangalia unavyotoka kwenye ukungu, kwanza ncha, halafu mabega, halafu mwili, na kila siku nikikumbuka uchochoro wetu. Baadaye nikaja kusoma kwamba ulimalizika mwaka 1879. Nikapiga hesabu kwa vidole kwenye kiti cha basi: miaka ileile ambayo Steere na mafundi wake walikuwa Mkunazini na ndoo zao za chokaa. Wa Kensington ulikuwa na wachonga mawe waliorithi kazi hiyo baba kwa mwana, na machimbo, na reli ya kuleta mzigo. Wa kwetu ulikuwa na matumbawe, jua, na hori lenye tope lililopita hapo Darajani kabla halijafukiwa.

Matumbawe hayachongeki kama mawe ya kule. Ukijaribu kuyapasua mbao mbao kama jibini, yanakuvunjikia. Mwashi wa pwani hayabembelezi: anayapanga kama yalivyo, kubwa kwa dogo, anajaza nafasi kwa vikokoto na chokaa, na nguvu ya ukuta inatoka kwenye unene na kwenye ule mchanganyiko. Sasa chukua ufundi huo, uliozoea kuta nene na mapaa bapa ya boriti za mikoko, uuambie upande juu, uzidi kwenda juu, na uwe mwembamba kila unapopanda. Na ndani, uuambie uezeke kanisa zima kwa dari la mviringo, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu, la matumbawe yaliyopondwa na saruji, bila boriti hata moja. Inasimuliwa kwamba watu wa mji walisubiri lianguke siku jukwaa litakapoondolewa. Halikuanguka. Liko juu pale, mnalijua, mnakaa chini yake kila Jumapili.

Kwa hiyo ninaposikia watu wanacheka nguzo, natamani kuwauliza: fundi aliyesimamisha nguzo kichwa chini kwa sababu hajawahi kuonyeshwa nguzo ya Kizungu, ndiye huyohuyo aliyesimamisha dari ambalo hajawahi kuona mfano wake kokote. Tuchague basi habari ipi ya kumsimulia mgeni. Steere mwenyewe aliporudi alizikuta nguzo, akaziacha. Sijui kama alicheka.

Kuna na ile hadithi ya urefu. Tunaambiwa Barghash alitoa saa kwa sharti kwamba mnara usizidi jumba lake la Beit al-Ajaib. Hadithi tamu, nimeisimulia mwenyewe mara nyingi barazani. Lakini Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883, na Steere alikufa 1882. Kaburi lake liko nyuma ya madhabahu. Labda sharti lilikuwa juu ya jumba lililokuwa bado kwenye mawazo, labda lilitungwa baadaye na watu waliopenda kuona majengo mawili yakitazamana. Isimulieni, lakini semeni kuwa ni hadithi. Mtoto wa skuli akiisikia kwenu kama historia, ataiandika kwenye mtihani.

Na uzuri je? Nakiri macho yangu yana upendeleo wa mtu aliyezaliwa chini yake. Lakini utazameni saa kumi na moja za jioni kutoka upande wa Darajani, samaki wanapomalizikia na jua linapoingia kwa ubavu. Matao yake ni ya Kigothi, lakini yamejengwa na mikono iliyozoea matao ya misikiti, na hilo linaonekana. Pembe si kali kama zile za Kensington, zimelainika kidogo, kama sabuni iliyokwisha tumika. Ukigeuka unaona minara mingine ya mji. Kuna ule wa msikiti wa Malindi, mnene chini na mwembamba juu kama chano za unga zilizopangwa, na kuna ile pacha ya Wakatoliki ambayo imelipa kanisa zima jina lake mtaani, Minara Miwili. Kiswahili kimeipa yote neno moja, mnara, tulilolitoa kwenye Kiarabu, na asili yake ni mahali pa mwanga. Siku hizi tumelipa neno hilo hadi milingoti ya simu. Ajabu ni kwamba kule Uingereza mwaka 2018 kanisa na serikali walikubaliana minara ya makanisa ya vijijini itumike kubebea mitambo ya simu na intaneti. Lugha yetu ilikwisha yaona mapema.

Sasa nije kwenye ombi, maana barua bila ombi ni salamu.

Tarehe 25 Desemba 2020 nilikuwa nyumbani. Sitaki kurefusha: sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib ilianguka na mnara wake wa saa, na watu wawili waliokuwa kazini walikufa. Ilikuwa Krismasi, siku ileile ambayo miaka 147 nyuma yake jiwe la Mkunazini liliwekwa. Tangu hapo sipiti chini ya mnara wenu bila kutafuta ufa kwa macho. Sisemi upo. Najua kazi kubwa ya ukarabati iliyofanywa kwenye kanisa na kumalizika 2016, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na World Monuments Fund, na nilifurahi kama mtu aliyetengenezewa nyumba yake. Lakini ukarabati kwa matumbawe ni kama mlo, huli mara moja ukashiba miaka kumi. Masika yanapita, chumvi inapanda, kunguru analeta mbegu. Nyumba moja mtaani kwetu ilianza na mche wa mkuyu wa majani manne kwenye ukingo wa paa, tukauona mzuri, watoto wakaupa jina. Miaka michache mbele mizizi ilikuwa imeufungua ukingo kama mtu anavyofungua kopo.

Kule Uingereza, tangu sheria ya kanisa ya mwaka 1955, kila kanisa la parokia linatakiwa likaguliwe na mtaalamu mara moja kila miaka mitano. Anapanda, anagonga, anaandika: jiwe gani limelegea, chuma gani kimeota kutu na kuvimba na kupasua jiwe linalokishika, kinga ya radi iko hai au imekatika. Waumini wanaisoma ripoti, wanagombana juu ya fedha, wanaanza kuuza keki. Naomba na sisi tuwe na kitu kama hicho. Huenda mnacho tayari; basi kibandikeni mlangoni kwa Kiswahili, ukurasa mmoja unatosha, tukisome sote, na sisi tusiosali humo. Mkisema kunatakiwa mifuko ya chokaa, mtashangaa nani ataleta.

Hapo kwenye chokaa ndipo ninapowabembeleza zaidi. Atakayepanda kuziba ufa asipande na saruji. Ukuta wa matumbawe hauachi kuvuta unyevu, na chokaa inauachia utoke. Ukiupaka saruji, unauvisha koti la mvua kwa ndani: maji yanabaki, chumvi inakauka nyuma ya plasta, jiwe la ukuta linageuka unga, na siku moja plasta inatoka kipande kizima kama gamba, na matumbawe yameshikamana nayo. Mtanijibu kwamba Askofu mwenyewe alitumia saruji darini. Ni kweli. Lakini pale saruji na matumbawe ni mwili mmoja tangu siku ya kwanza; haikupakwa ngozi juu ya mwili laini. Babu angeweza kuwaeleza vizuri zaidi, kwa mate yake.

Na chokaa inataka watu. Inachomwa kwenye tanuu kwa magogo na mawe ya pwani, inamwagiwa maji, inaachwa ilale hadi ipoe ukali, ndipo inachanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Hakuna njia ya mkato, na mafundi wanaoijua wamebaki wazee. Nakuombeni mnara uwe skuli. Wapeni vijana wawili au watatu kila mwaka sehemu yoyote ya ukuta wa uani wajifunzie chini ya fundi mzee, na siku mnara utakapohitaji mkono, mkono utakuwa hatua ishirini kutoka pale. Nao hao vijana ndio wawe wanasimulia kwa wageni. Fundi akisimulia nguzo zilizogeuzwa, kicheko kitakuwa cha namna nyingine.

La mwisho ni dogo. Wekeni benchi. Moja tu, upande ambao mtu akikaa anaweza kuegemea na kuinua uso bila kuumia shingo. Watu wanaotoka kwenye vyumba vya chini hutoka hawajui pa kutazama, wanatazama simu.

Mwezi wa sita, mvua zikishakatika, nitakuja getini asubuhi saa mbili na darubini niliyorudi nayo London. Mtu wenu mmoja akipatikana tukae naye nusu saa, tuuangalie mnara upande kwa upande, kutoka ncha hadi chini, nitashukuru. Asipopatikana nitaangalia kutoka barabarani, nitaandika nilichoona, na karatasi nitamwachia mlinzi.

Wasalaam,

Mtoto wa Mkunazini, mjukuu wa mwashi